Noah inakunywa petroli, plagi nyeusi tii, na gereji wanataka nibadilishe kontrol boksi (kompyuta ya injini). Wajuzi wa Arusha na Moshi nisaidieni kabla sijatoa hela

Chalii wa Njiro (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina Noah ya zamani, ile ya injini ya 3S ya petroli, huu ni mwaka wa nne niko nayo. Kazi yake ni kupeleka watoto shule, kumshusha mama yao dukani Kilombero hapa mjini, na mara mbili kwa mwezi naenda nayo Moshi kumsalimia mama na kurudi na ndizi.

Tatizo lilianzia ukutani. Nyumba ninayopanga ina ukuta mweupe nyuma ya maegesho, na mimi huwa naingiza gari kinyumenyume. Mwezi wa nne mama mwenye nyumba akaniita: "Baba, hii nini?" Usawa wa ekzosi kulikuwa na duara jeusi ukubwa wa sinia. Nikapitisha kidole, kikatoka cheusi kama nimeshika sufuria ya kuni. Nikachukua tambara la maji nipanguse, ndiyo nikaharibu kabisa, likaenea mpaka chini.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuona na mengine. Asubuhi inawaka vizuri, tena vizuri kuliko zamani. Ikishapata moto, kwenye sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukiizima ukanunua nyanya dakika kumi ukarudi, haitaki kuwaka mpaka ukanyage mafuta hadi chini, na ikiwaka inatoa wingu jeusi. Pale Kilombero wasukuma mikokoteni wameshanizoea. Harufu ya petroli mpaka kwenye nguo. Taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja.

Mafuta sasa. Njiro kwenda Moshi na kurudi ni kama kilomita 160, nilikuwa natumia lita 20. Mara ya mwisho lita 32.

Gereji niliyopeleka wamebadilisha plagi, wamesafisha nozeli (zile zinazopuliza petroli kwenye injini), wamebadilisha pampu ya mafuta na eakilina (chujio la hewa). Kila wakigusa kitu inakaa sawa siku mbili, ya tatu inarudi kulekule. Juzi wameniambia kilichobaki ni kontrol boksi, nitafute ya mtumba. Plagi nilizotoa leo: tatu nyeusi, kavu, masizi kama unga. Ya silinda ya 4 nyeusi na imelowa.

Naombeni muongozo.

Kisu Butu

Uza. Mnunuzi mpe na ukuta.

Dereva wa Mbugani

Pole mkuu. Mimi nadhani ni mwinuko. Arusha tuko juu, kama mita 1,400, hewa nyepesi, mafuta yanazidi hewa. Land Cruiser yangu, 1HZ, nikiwa napandisha kingo za Ngorongoro na wageni sita inatoa moshi mweusi mpaka naona aibu kwenye kioo. Nikishuka Mto wa Mbu, safi.

Babu Spana

Habari zenu vijana. Mimi niko Moshi, Majengo, nimestaafu gereji lakini mikono haijastaafu.

Dereva wa Mbugani, yako ni dizeli, hiyo ni hadithi nyingine. Dizeli haina kipimo kimoja cha hewa na mafuta. Ukikanyaga inamwagiwa mafuta zaidi, na hewa ikiwa haba lazima itoe moshi, hasa injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) kama hiyo 1HZ. Angalia eakilina na nozeli, zikiwa nzima usijitese.

Noah ya petroli ni tofauti. Petroli inataka uzito wa hewa 14.7 kwa uzito 1 wa mafuta ili iungue yote isibaki. Gari la kabureta lililosetiwa Dar likiletwa Arusha kweli litazidisha mafuta, maana jeti (kitundu cha kupitishia petroli) haijui kama hewa imepungua. Lakini hiyo 3S ya mwenye uzi ina sensa ya MAP inayopima mgandamizo wa hewa kwenye manifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda). Dar inaanza na kilopaskali 101, Arusha kama 86, hapa kwetu Moshi kama 91, na kontrol boksi inapunguza mafuta kulingana na hiyo. Kwa hiyo mwinuko peke yake haukuchafui ukuta. Isitoshe gari limekaa Arusha miaka minne. Mlima haukuhamia mwezi wa nne.

Sasa wewe wa Njiro, usinunue kontrol boksi. Katika miaka yangu yote nimekuta kontrol boksi mbovu chache mno, na nyingi ya hizo ziliharibiwa na maji au na fundi wa redio. Kabla hujanunua chochote jiulize swali moja: je, kontrol boksi inajua kwamba mafuta yamezidi?

Mafuta yanaingia kwenye injini kwa milango miwili. Mlango wa mbele ni nozeli zikifunguliwa kwa amri ya kontrol boksi. Kama mafuta yanazidi kwa mlango huo, basi kuna sensa imeidanganya: imeiambia injini ni ya baridi, au imebeba mzigo mzito, au hewa ya ekzosi ina oksijeni nyingi kwa hiyo ongeza. Kontrol boksi inatii tu. Mlango wa uani ni petroli inayoingia bila amri ya mtu: nozeli inayovuja, regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) iliyopasuka, mvuke wa tangi, petroli iliyojaa kwenye oili. Hapo kontrol boksi inahangaika kupunguza na haiwezi. Gereji yako wamebadilisha vitu bila kujua ni mlango upi.

Nijibu haya: (1) ukiwa barabara ya Moshi, mshale wa joto unakaa wapi? (2) Oili kwenye stiki iko usawa gani, na inanukiaje? (3) Gari lina themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto?

Chalii wa Njiro

Shikamoo mzee wangu. Themostati ilitolewa na fundi mwaka juzi, alisema nchi zetu za joto hazihitaji, inaleta gari kuchemka. Mshale mjini unafika karibu na katikati, lakini nikishapita Tengeru na upepo unapiga unashuka mpaka karibu na C (baridi). Mimi nilifurahi, nikajua rejeta ni nzima.

Oili sijaangalia muda mrefu, kesho asubuhi nitaangalia.

Babu Spana

Marahaba mwanangu. "Nchi za joto." Huyo fundi hajawahi kulala Arusha mwezi wa saba.

Umeshapata ugonjwa wa kwanza, na ni wa mlango wa mbele. Injini ikiwa baridi kontrol boksi inaongeza mafuta makusudi, kama choki kwenye pikipiki. Inaendelea kuongeza, kidogo kidogo ikipunguza, mpaka maji yafike joto lake, nyuzi 80 na zaidi. Wewe hujafika nyuzi 80 tangu mwaka juzi ukiwa barabarani. Unaendesha na choki kutoka Tengeru mpaka Boma Ng'ombe. Na kwa nini asubuhi inawaka vizuri sana? Kwa sababu injini baridi inapenda mafuta mengi.

Lakini hili la themostati ni la mwaka juzi, na moshi umeanza mwezi wa nne. Kuna la pili. Plagi zote nne nyeusi maana yake chanzo ni cha wote, si nozeli moja. Ila hiyo ya 4 iliyolowa inanisumbua. Shika hilo kichwani, tutalirudia.

Boda wa Sakina

Mzee naomba na mimi nidandie. Pikipiki yangu niliinunua Tanga, kule ilikuwa inakimbia. Huku plagi inakuwa nyeusi kila wiki mbili, na nikipanda Ilboru inakuwa kama inakabwa shingo. Fundi anasema ringi.

Babu Spana

Wewe ndiye mwenye tatizo la mwinuko, si yeye. Kabureta yako imesetiwa usawa wa bahari. Kwanza hakikisha choki inarudi yote, waya ukikaza inabaki nusu. Halafu fungua kabureta, sindano ina kipini kidogo kinachokaa kwenye vijimfereji. Kipandishe mfereji mmoja juu ili sindano ishuke. Isipotosha, tafuta jeti kuu yenye namba ndogo kwa hatua moja. Ringi mbovu ingetoa moshi wa buluu na plagi ingekuwa na utelezi wa oili, si masizi makavu.

Dada wa IST

Salaam kwenu. Nimesoma hapo kwenye milango miwili nikacheka peke yangu, maana mwaka jana nililipia mlango wa mbele wakati mwizi anapita uani.

Yangu ni IST ya 1NZ. Taa iliwaka, kaka yangu ana kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu, kikatoa P0172, yaani mafuta yamezidi. Fundi wa kwanza akabadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu "code ya mafuta ni oksijeni". Ikarudi baada ya wiki. Kumbe sensa ndiyo iliyokuwa inasema ukweli, tumemfukuza shahidi.

Kaka akanionyesha kwenye simu sehemu ya masahihisho ya mafuta, kuna ya muda mfupi na ya muda mrefu. Gari nzima inacheza karibu na sifuri, asilimia kumi chini au kumi juu si ugonjwa. Yangu kwenye sailensi ilikuwa inasoma hasi 24, yaani kontrol boksi inapunguza mafuta kwa nguvu. Nikikanyaga hadi mizunguko 2,500 nikashikilia hapo, inapanda mpaka hasi 6. Hiyo ilinikaa kichwani mpaka nikaielewa kwa chai: ukimwaga kijiko kimoja cha sukari ya ziada kwenye kikombe utaisikia, ukimwaga kijiko kilekile kwenye birika huisikii. Yaani kuna petroli ya kiasi kilekile inaingia muda wote, injini ikinywa kidogo inazidi, ikinywa kingi inapotea.

Kumbe ilikuwa vali ya mvuke wa tangi, ile inayovuta mvuke kutoka kwenye kopo la mkaa kwenda kwenye manifodi. Imeganda wazi. Nilibana mpira wake kwa koleo lililovishwa kitambaa, gari ikiwa inaunguruma, masahihisho yakarudi hasi 3 mbele ya macho yangu. Na kosa lilikuwa langu: nilikuwa namwambia kijana wa sheli "jaza mpaka shingoni". Bomba likijikata lenyewe kisha mkaendelea kusukumia, petroli inaingia mpaka kwenye mkaa.

Kisu Butu

Dada wa IST umenifungua. Kijana wa sheli yangu huwa anatikisa na gari.

Babu Spana

Dada huyo apewe gereji. Nimeajiri vijana wenye vyeti ambao hawakuwahi kuelewa hiyo ya kijiko na birika.

Niongeze upande wa pili. Ukikuta plagi nyeusi na harufu, lakini masahihisho yanasoma CHANYA, tuseme chanya 20, hapo kontrol boksi ndiyo inayoongeza, nayo inaamini gari lina njaa. Angalia ekzosi kabla ya sensa ya oksijeni: gasketi ikitoboka, kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine hewa ya nje inaingia kwenye bomba, sensa inaona oksijeni nyingi, kontrol boksi inamwaga mafuta. Au silinda moja inamisi. Silinda isiyochoma inatoa petroli mbichi pamoja na oksijeni yake yote. Pua yako inasema mafuta yamezidi, sensa inasema yamepungua, na wote wawili hawajasema uongo. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu mafuta hakikisha moto wa plagi upo kwa zote.

Noah ya zamani sana hivyo vidude vya simu mara nyingi haviongei nayo. Chalii, wewe utatumia waya mdogo na mita ya umeme. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki chenye kifuniko, ndani mna matundu yenye majina. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. 22 ni sensa ya joto la maji, 21 oksijeni, 31 ni MAP, 26 ni mafuta kuzidi. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa.

Chalii wa Njiro

MREJESHO wa kwanza.

Taa imepepesa mfululizo, haina kosa lolote. Nilikaa pale nikahesabu mpaka mtoto akaniuliza kama gari inaongea.

Oili: mzee, umejuaje? Iko juu ya alama ya juu kwa karibu upana wa kidole, na mimi sijawahi kuongeza. Nyepesi kama maji ya kunawa, na inanuka petroli kabisa.

Nimenunua themostati mpya ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga nimeitumbukiza kwenye sufuria jikoni (mke wangu amesema sufuria hiyo sasa ni yangu). Ilikaa imefunga, maji yakaanza kutoa mvuke ikaanza kufunguka taratibu, na yalipochemka ilikuwa wazi kabisa. Nimeifunga. Leo nimeenda hadi Usa River na kurudi, mshale umesimama katikati haukushuka.

Moshi umepungua lakini upo. Kuwaka ikiwa ya moto bado shida.

Babu Spana

Vizuri. Na huko kwenu maji yanachemka kama nyuzi 95, kwa hiyo hiyo ya sufuria ni kipimo halali: ikigoma kufunguka kwenye maji yanayochemka, irudishe dukani.

Usishangae taa kukosa kosa. Kontrol boksi kwa kawaida inaandika kosa pale sensa inapokatika waya au kusema jambo lisilowezekana. Sensa inayosema nyuzi 50 wakati ni 80 haijasema jambo lisilowezekana, imesema uongo wa kawaida.

Kwa hiyo tuipime hiyo sensa. Angalia kwenye injini utakuta sensa mbili za joto la maji: ya waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi, ya waya mbili ni ya kontrol boksi. Watu wengi hapa hupotea: mshale ukikaa sawa wanadhani kontrol boksi nayo inaona hivyohivyo. Chomoa soketi ya ile ya waya mbili, pima ohmu. Maji ya nyuzi 20 inatakiwa kati ya 2,000 na 3,000. Injini ikiwa ya moto ya 80, kati ya 200 na 400.

Kisha mpira mwembamba wa sensa ya MAP, ufuate mwanzo hadi mwisho. Ukipasuka au ukichomoka, sensa inaona hewa ya nje, kontrol boksi inadhani umekanyaga hadi chini, na inamwaga mafuta.

Halafu ile ya plagi namba 4. Kwenye reli ya nozeli kuna kikopo cha chuma, regyuleta ya mafuta. Juu yake kuna mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unaokwenda kwenye manifodi. Injini ikiwa imepoa na imezimwa, chomoa mpira huo UPANDE WA REGYULETA. Nusa, angalia ndani. Uwe nje, si bandani, sigara mbali, na mtungi wa kuzimia moto ukiwepo uwe karibu. Nataka pia uniambie mpira huo unaingia kwenye manifodi karibu na silinda ipi.

Dereva wa Mbugani

Nimekaa pale. Huu uzi umekuwa mtamu kuliko mechi ya jana.

Chalii wa Njiro

MREJESHO wa pili, na mikono inanuka.

Sensa ya joto: asubuhi 2,400, ikiwa ya moto 310. Nzima. (Kabla sijafunga themostati niliipima pia nikitoka Usa River, nilikuwa sijaelewa maana yake: 650. Nadhani ndiyo ile choki aliyosema mzee.)

Mpira wa MAP: mzima, nimeubadilisha hata hivyo kwa sababu ulikuwa umekauka.

Mpira wa regyuleta: nimeuchomoa, nikaona ncha inang'aa. Nikauinamisha. Tone moja likajikusanya pole pole mdomoni, likadondokea kidole gumba changu, la baridi. Likaja la pili. Petroli tupu, rangi ileile. Nikamwita mke wangu aje aone, akasema "kwa hiyo?" lakini mimi nilikuwa nimesimama pale kama nimeokota tanzanaiti Mirerani.

Na mpira unaingia kwenye manifodi upande wa silinda ya 4.

Babu Spana

Ndiyo huyo.

Ndani ya hicho kikopo kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja petroli ya reli, upande wa pili vakyumu. Kimetoboka, kwa hiyo injini inanyonya petroli mbichi kwa kupitia mpira wa vakyumu, mbali kabisa na nozeli. Silinda iliyo jirani na tundu inakunywa zaidi, ndiyo maana ya 4 imelowa. Ukizima gari likiwa la moto, presha iliyobaki kwenye reli inavujia manifodini, injini inafurika, ukirudi na nyanya zako haiwaki. Ukikanyaga hadi chini unaipa hewa ya kukausha.

Na umeona kwa nini kila matengenezo yalikaa siku mbili? Plagi mpya zilikuwa safi tu, zilichukua siku mbili kuchafuka. Pampu mpya nayo ilisukuma petroli kwenye tundu lilelile.

Ukinunua regyuleta, usichukue ya mtumba bila kuipima: vuta hewa kwa mdomo kwenye kichomeo cha vakyumu, ikipitisha hata kidogo iache. Ukifunga, ukipata geji ya presha, na mpira wa vakyumu umechomolewa, isome kati ya paundi 38 na 44. Badilisha oringi, usirudishie ya zamani.

Na oili umwage siku hiyohiyo, pamoja na filta. Hili watu husahau. Petroli iliyo kwenye oili ikipata moto inageuka mvuke na kurudi kwenye manifodi kwa bomba la kupumulia la injini. Utafunga regyuleta mpya, gari litaendelea kunuka wiki nzima, utanitukana hapa jukwaani. Tena oili nyepesi hiyo inakula beringi.

Chalii wa Njiro

Mzee, kuna jambo sijasema. Gereji ilinishauri nitoe masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi) ili gari ivute, na walitoa. Na waya wa sensa ya oksijeni nimeukuta umefungwa kwa tepu.

Babu Spana

Ulikuwa unalisubiri lini kulisema.

Angalia kama sensa yenyewe bado ipo kwenye bomba. Kama ipo, rudisha waya, weka mita ya dijitali kwenye waya wa ishara, usitumie ya mshale wala taa ya kupimia, utaiua. Injini ikiwa ya moto kabisa, ukishikilia mizunguko 2,500, inatakiwa kucheza kutoka 0.1 hadi 0.9 ya volti, inapanda inashuka bila kutulia. Ikiganda juu, mafuta yamezidi. Ikiganda chini, ni haba au sensa imekufa. Kujua kama imekufa, kanyaga mafuta ghafla: iliyo hai itapanda pale pale. Masizi yakiipaka yanaweza kuungua yenyewe baada ya safari ndefu.

Masega nakuachia. Ila ndani yake kuna platinamu na paladi, na aliyekushauri uyatoe hakuyatupa jalalani.

Jingine, na hapa sitanii. Asubuhi hizi za baridi msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa mkaliacha lipate moto. Mafuta yakizidi ekzosi inatoa kaboni monoksidi nyingi, na hiyo haina harufu. Harufu ya petroli unaisikia, ile inayoua huisikii.

Dada wa IST

Chalii, mrejesho wa mwisho usituache hewani kama wale wa "nitarudi kesho".

Chalii wa Njiro

MREJESHO wa tatu. Samahani, wiki mbili zimepita, nilitaka kwanza nifike Moshi.

Regyuleta nimefunga, nilivuta kwa mdomo tatu za mtumba dukani, mbili zilipitisha hewa, muuzaji akanitazama kama nimerogwa. Oili na filta mpya. Plagi zilezile nilizisafisha kwa brashi ya waya na kuzirudisha, sikununua. Sensa ya oksijeni ilikuwepo, siku ya kwanza iliganda 0.85 haitikisiki, baada ya kwenda na kurudi KIA ikaanza kucheza. Nimekaa na mita kwenye kiti cha abiria nikiitazama kama mpira.

Jumamosi nimeenda Moshi: kilomita 162, nimejaza lita 19 na nukta. Bomba lilipojikata nikamwambia kijana aache hapo hapo. Nikiwa Moshi niliizima kwa mama, nikala, nikawasha ikiwa ya moto, nusu mzunguko tu. Plagi nimezifungua jana jioni: tatu kahawia ya kijivu, ya 4 bado ina weusi pembeni lakini kavu.

Gereji wamenipigia kuuliza kama nimepata kontrol boksi. Nikawaambia ile ya zamani imepona.

Noah ya Usa

Mkuu nimepitia uzi mzima. Yangu nayo 3S, moshi mweusi, lakini mpira wa regyuleta ni mkavu, themostati ipo. Inazidi zaidi nikisimama kwenye foleni, barabarani nafuu.

Babu Spana

Kijiko na birika, mwanangu. Anza na mpira wa vali ya mvuke kama yule dada, halafu stiki ya oili. Ukikuta vyote safi, toa reli nzima ya nozeli ikiwa imeunganishwa, weka gazeti kavu chini, ipe presha ya pampu bila kuwasha injini, subiri. Itakayodondosha gazetini ndiyo hiyo. Fungua uzi wako, huu wa chalii umeshapona.

Chalii wa Njiro

Mzee asante sana, nikija Moshi nitapita Majengo na ndizi, ingawa najua ni kupeleka maji baharini.

Kilichobaki ni ukuta. Mama mwenye nyumba anataka upakwe rangi upande wote, anasema kiraka kitaonekana. Na amesema kuanzia sasa niingie kwa pua.